Chalinze, Siyo Kitonga

Mwaka 2003, kwenye karakana moja ya malori kando ya Barabara ya Nyerere, ukiuliza gari limekufa wapi ulijibiwa neno moja: Kitonga. Mlima ule wa Iringa ulibebeshwa kila lawama, ya breki, ya klachi, hata ya injekta. Daftari za safari zilikuwa zinasema mengine, ila hakuna aliyewahi kuzisoma kwa mfululizo mpaka alipoletwa Kapteni.

Alikuwa mstaafu wa jeshi, upande wa ufundi, na kazi yake huko ilikuwa kuchambua kwa nini mitambo inaharibika. Mafundi walimwita Afande ingawa alishavua magwanda. Mimi nilipewa kwake niwe karani wa takwimu. Siku ya kwanza akanikabidhi kamba, kadi ngumu na penseli. Kila kipuri kinachotolewa kwenye gari lililolala njiani kifungwe kadi: namba ya gari, kilomita, tarehe, mahali lilipozimika. Na kisioshwe. Mafundi wetu walizoea kuosha kila kitu kwa dizeli kabla hata ya kukitazama, kumbe ushahidi wenyewe ndio ule uchafu: mchanga ndani ya beringi, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa kwa sababu maji yamepenya.

Sheria yake ya pili ilihusu maneno. "Filta mbovu" hakuipokea. Hiyo ni hukumu, alisema, wewe andika ulichokishika. Basi tukaandika: "Oili imemwagika chini ya filta, raba mbili." Hapo ndipo penye siri. Raba ya filta ya zamani hunata kwenye bloku ya injini. Fundi asipopitisha kidole kuhakikisha, anafunga filta mpya, nayo ina raba yake, juu ya ile iliyobaki. Karakanani injini inanguruma vizuri tu. Barabarani presha inapanda, raba ya juu inachomoka, na oili inaisha ndani ya dakika chache. Tungebaki na "filta mbovu" tungekwenda Kariakoo kugombana na muuza vipuri.

Ya tatu: jina la fundi halimo kwenye jedwali. Kosa likiwa na adhabu, alisema, mtu ataandika uongo, tena kwa mwandiko mzuri. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na safu ya "zamu ya nani". Aliikata kwa wembe, polepole, karatasi zote kumi na mbili, mimi nikiwa nimekaa mbele yake.

Kisha tukahesabu. Gari lilifanyiwa sevisi kila kilomita 10,000, na kwenda Tunduma na kurudi Dar hakufiki 2,000, kwa hiyo sevisi iliangukia takriban kila safari ya tano. Nilichora kwenye karatasi ya miraba: chini kilomita tangu gari litoke getini, pembeni idadi ya magari yaliyozimika. Chungu kubwa ikasimama kati ya Mlandizi na Chalinze. Nikaruka kwa furaha. Kapteni akanipoza: kila lori linapita Chalinze, hata litakalokufa Mbeya, wakati kule mbele hayafiki yote. Utalaumu barabara kwa sababu tu ndiyo inayokanyagwa zaidi. Gawanya kwanza.

Tukatenganisha safari zilizoondoka mara tu baada ya sevisi na zile zilizoondoka bila kuguswa. Barabara ni ileile, madereva walewale, mzigo uleule. Safari za baada ya sevisi zilikuwa 41, na 11 kati yake zilikwama kabla ya Morogoro. Safari nyingine zilikuwa 163, zikakwama 6. Nilirudia kuhesabu mara tatu, nikidhani nimezipindua safu.

Jumamosi moja mvua za masika zikiwa zimeanza, tulikaa na mafundi wote chini ya bati la stoo. Fundi mkuu, mzee wa Tandika aliyekuwa na miaka mingi kwenye injini kuliko umri wangu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo Afande, sisi tunafanya sevisi ili gari liharibike?"

Kapteni hakumjibu. Aliwasimulia habari za Coastal Command, tawi la jeshi la anga la Uingereza lililosaka nyambizi za Wajerumani katika vita vya pili. Mwaka 1941 walianzisha kitengo cha wanasayansi chini ya Patrick Blackett, mwanafizikia aliyekuja kupata Nobeli mwaka 1948. Wengine ndani yake hata hawakuwa watu wa mashine. Conrad Waddington alikuwa mwanabiolojia. Ndege zao aina ya Liberator zilikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Ukaguzi ukiwa na faida, hitilafu zingepungua mara baada yake, kisha ziongezeke taratibu hadi ukaguzi unaofuata. Hesabu zikatoka kinyume: hitilafu zilipanda ghafla ndege ilipotoka kukaguliwa, halafu zikashuka kadiri saa zilivyosonga. Mikono ilikuwa inavuruga vilivyokuwa vimetulia. Waddington alichapisha habari hizo mwaka 1973, vita vikiwa vimekwisha zamani.

Fundi mkuu akafikiri. "Na hao walikuwa wanafungua nini?"

Nadhani swali lile lilikuwa na thamani kuliko grafu yangu. Kuanzia hapo mafundi ndio walioongea. Mmoja alisema filta ya dizeli hufungwa tupu badala ya kujazwa kwanza, hewa haitolewi yote, gari linawaka na kuzimika kwenye mwinuko wa kwanza. Mwingine akataja nipo za grisi, yale matundu ya kuingizia grisi: usipozifuta kwa tambara, bunduki ya grisi inasukuma mchanga wa Dar moja kwa moja ndani ya king pini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Nati za tairi zikachukua nusu saa. Rimu ikishatolewa, rangi na vumbi kati yake na habu, kitovu cha gurudumu, hukaa sawa kwa uzito wa mzigo, nati zinalegea hata kama zilikazwa vizuri. Zinatakiwa kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na kukaza kwenyewe: kwa tairi zetu za nati kumi ilihitajika nguvu ya nyutonimita 600 hivi, lakini vijana walivalisha bomba refu kwenye spana na kuning'inia, stadi, ile bolti inayoshika nati, ikavutika, ikakatika njiani.

Baadaye fundi mkuu alisema jambo ambalo jedwali lisingeweza kulionyesha. Magari yaliingia sevisi jioni ili asubuhi yawahi mzigo bandarini. Zamu zilibadilishana saa kumi na mbili, kazi ikiwa nusu. Aliyekuja alikuta nati zimeingizwa kwa mkono, akadhani zimekazwa.

Tukapanga: kazi inayohusu filta, nati na kutoa hewa ianzwe na imalizwe na fundi mmoja, zamu ikiisha asiondoke. Nati zikazwe tena kwenye foleni ya mizani ya Kibaha, kwa kuwa wakati ule pale lori lilikuwa linasimama tu. Matingo walilalamika kwamba wenzao wanawacheka. Kitonga tuliiacha kwa awamu nyingine; breki zake zilikuwa na hesabu yake.

Wiki ya pili fundi mkuu aliingia ofisini na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na raba saba kuukuu, zote zimebanduliwa kwenye bloku kabla ya filta mpya kufungwa.

"Hizi mnaziandika wapi?" aliuliza.

Kapteni alinitazama. Jedwali langu lilikuwa na magari yaliyokwama tu.