Siku moja maishani mwangu: nyanya, baridi na usiku mmoja wa kuhesabu nyuzi joto

Saa kumi na moja alfajiri. Sijanawa hata uso, natoka na tochi kusoma kipimajoto nilichokifunga kwenye nguzo katikati ya mistari. Nyuzi 4. Wengi wanaolima nyanya sehemu za baridi wanaangalia jua la mchana, mimi naangalia usiku, maana usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi maua yanapukutika bila kushika tunda, chini ya 10 mmea unadumaa tu, na ikigonga 0 asubuhi unakuta majani yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto. Utabiri unasema leo usiku ni 0.

Saa moja. Chai ya kusimama, halafu nafungua pande zote mbili za kibanda cha nailoni. Jamani msifunge kutwa nzima mkidhani mnatunza joto, unyevu ukikaa juu ya majani kwenye nyuzi 15 mpaka 20 ugonjwa wa bakajani chelewa unaingia na ndani ya siku chache shamba lote jeusi. Namwagilia shinani tu, na leo namwagilia vizuri kwa sababu udongo wenye maji unashika joto la mchana kuliko mkavu.

Saa tatu natoa maotea, yaani machipukizi ya pembeni, na maua. Ndiyo, maua! Vichwa vya mimea nilishavikata wiki tano zilizopita, na kila ua linalochomoza sasa nalitoa, kwa sababu ua la leo linataka zaidi ya siku 40 mpaka liwe nyanya nyekundu na mimi siku 40 sina. Hesabu ndiyo hiyo tangu kuchagua mbegu: nimepanda Stupice, ile iliyotoka Chekoslovakia ya zamani, na Glacier, zinazoanza kuiva karibu siku 55 mpaka 65 baada ya kuhamisha miche, na miche yenyewe ilikaa ndani ya nyumba wiki saba kwanza. Zile nyanya kubwa za siku 80 na kuendelea ni nzuri sana ila hapa zinabaki kijani.

Saa sita mchana, kazi ninayoipenda. Nachuma nyanya moja ya kijani, naikata katikati kwa kisu kikali. Mbegu zikikatika, bado changa, hiyo haitaiva ndani hata uisubiri vipi. Hii mbegu zimeteleza pembeni ya kisu na zimezungukwa na ule ute unaonata, basi imekomaa, na zote za ukubwa ule zenye ngozi inayong'aa zinaweza kuchumwa.

Mpaka saa kumi nachuma. Zenye rangi kidogo kitakoni zinaenda kreti yao, za kijani kreti nyingine, yenye jeraha naiweka kando maana ikioza inaambukiza wenzake.

Saa kumi na moja jioni nafunika zilizobaki kwa blanketi kuukuu juu ya fito, nguo isiguse majani, na mwisho wake ufike chini kabisa. Lazima iwe kabla jua halijazama, ukisubiri giza joto la udongo limeshaondoka na unafunika baridi.

Saa mbili usiku napanga kreti chumbani, nyuzi 18 mpaka 21, na ndizi mbivu moja kila kreti, ile gesi inayotoka kwenye ndizi ndiyo inaziamsha. Friji hapana kabisa, mwaka wangu wa kwanza niliweka humo kreti nzima ya kijani nikazipoteza zote, na iliniuma sana.

Saa tano. Natoka tena na tochi. Nje nyuzi 1, naingiza mkono chini ya blanketi na kipimajoto cha pili: 4. Napitia kingo zote, pale upepo ulipoinua naweka jiwe, kisha naenda kulala nikiwa nimetegesha alamu ya saa kumi.