Mstari wa kumi na tano

Jumamosi usiku. Mvua imekatika sasa hivi, na kesho ni Jumapili ya Matawi. Kucha zangu bado zina udongo. Naandika kabla sijalala.

Tangu Kwaresima ianze nimekuwa nikiitafuta sauti ya Mungu. Mchungaji aliniuliza kama niko tayari jina langu lipelekwe kwenye uchaguzi wa wazee wa kanisa, nikamwomba muda niombe kwanza. Nikafunga kila Ijumaa. Nikawa naamka saa kumi usiku, napiga magoti, nasema kama mtoto Samweli alipoitwa na Mungu: "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Juu ya uzee wa kanisa sikupata neno hata moja. Kila nikifumba macho, kilichonijia ni masale.

Kwa asiyetoka Uchagani, huku Kilimanjaro: sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo ya migomba. Ndio ukuta wetu. Na jani la mmea huohuo ndilo analolibeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Wazee wetu husema ukiletewa sale hukatai. Nimekua nikiliona jambo hili, wala sikuwahi kushangaa kwamba kinachotenga vihamba ndicho kinachopatanisha wenye vihamba.

Kaka yangu alifariki mwaka 2019. Masika yaliyofuata, shemeji akiwa bado kwenye nguo nyeusi, niling'oa masale saba yaliyokuwa kati ya kihamba chao na changu, nikayapanda upya hatua mbili ndani ya upande wao. Migomba mitatu ikawa yangu. Vibarua niliwaambia baba ndiye aliyenionyesha mpaka. Baba hakunionyesha hapo. Shemeji hakusema kitu. Aliendelea kuniita baba mdogo, kama watoto wake wanavyoniita, na mwanangu alipougua alituletea maziwa wiki nzima.

Katika usharika wetu, kama ilivyo katika sharika nyingi za Kilutheri huku mlimani, watu huleta sadaka ya mazao pamoja na ya fedha. Ibada ikiisha tunatoka nje, mayai, kuku na parachichi vinanadiwa. Jumapili ya pili ya Kwaresima nilipeleka mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, mkubwa, wa kupendeza. Ulitoka kwenye mmoja wa ile migomba mitatu. Mnadi akauinua, bei ikaanzia elfu nane. Mmoja akasema tisa, mwingine kumi. Kisha sauti ya mwanamke nyuma yangu: "Kumi na mbili."

Alikuwa shemeji. Akafungua fundo la kanga, akahesabu noti, akalipa, akajitwisha mkungu. Mgomba ule waliupanda yeye na kaka.

Sikusikia ngurumo. Kule mlimani Horebu, nabii Eliya alipomngoja Bwana, Bwana hakuwamo katika upepo, wala katika tetemeko, wala katika moto. Baada ya moto ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Niliyoisikia mimi pale uani ilikuwa ndogo hivyo, na niliitambua mara moja kwa sababu haikuwa ngeni. Ndiyo iliyosema nami siku ile nina jembe mkononi. Miaka yote hii ilikuwa ikisema neno lilelile. Mimi nilikuwa namsumbua Mungu anipe neno jipya, na la kwanza sijalitenda.

Nimewasikia wengi wakisema "Mungu ameniambia", na mara nyingi aliyowaambia ndiyo waliyokuwa wakiyataka tangu mwanzo. Siwahukumu, nami nilitamani aniambie niwe mzee wa kanisa. Lakini sauti hii niliipima kwa Neno, nikaikuta imeandikwa waziwazi. Kumbukumbu la Torati 27 inamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake. Na Bwana Yesu, katika Mathayo 5, anamwambia mtu aliyekwisha kufika na sadaka yake: "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako". Hapo sikuwa na cha kuombea tena. Mtu haombi mwongozo juu ya jambo ambalo limekwisha kuamriwa.

Mama yetu, akitaka kumsifu mtoto, alisema: huyu ni msikivu. Hakuwa na maana kwamba masikio yake ni mazima. Na mtoto aliyetumwa kuni akabaki kucheza, alisema huyu hasikii, ingawa aliitikia "abee" kwa sauti kubwa kabisa. Lugha yetu imelijua jambo hili siku nyingi. Nami kila saa kumi usiku nilikuwa naitikia.

Mahubiri ya Samweli niliyowahi kuyasikia huishia mstari wa kumi wa 1 Samweli 3, pale anaposema mtumishi wako anasikia. Safari hii nikasoma mbele. Mstari wa kumi na tano unasema Samweli alilala hata asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya Bwana, naye akaogopa kumwonyesha kuhani Eli maono yale, ya hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Nimeusoma mara nyingi mno. Neno amekwisha kulipata, na bado anaamka na kufanya kazi za hekaluni kama kawaida, huku moyo unamdunda. Nimekaa kwenye mstari huo wiki tatu. Nimeimba kwaya nikiwa humo. Nimegawa vitabu vya nyimbo mlangoni nikiwa humo.

Jumatano jioni nikakata jani la sale, nikalifunga fundo, nikaenda. Ni mwendo wa dakika mbili, nao ulinimaliza nguvu. Shemeji alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alipoliona jani akaweka kisu chini, akafuta mikono.

"Shemeji," nikasema, "mpaka niliusogeza mimi. Baba hakunionyesha pale. Nilikudhulumu wewe na watoto."

Akalipokea jani kwa mikono miwili. Akakaa kimya muda mrefu, chungu kikichemka.

"Nilijua, baba mdogo. Kaka yako alinionyesha mpaka kabla hajafa." Kisha: "Utayarudisha lini?"

Leo asubuhi tumeyarudisha yote saba, mimi, yeye na kijana wake mkubwa, udongo ukiwa laini kwa mvua. Mchungaji nimemwambia jina langu lisubiri, kwa kuwa juu ya hilo bado sijaambiwa kitu. Tulipofika sale la mwisho nililishindilia udongo kwa mguu nikadhani tumemaliza. Shemeji akasimama, akaangalia mstari kutoka juu hadi chini.

"Hilo bado," akasema. "Sogeza huku kidogo."

Nikaling'oa, nikalisogeza.