Pumu Iliyonipata Ukubwani

Nilikuwa na umri wa miaka 41 nilipoambiwa kwamba nina pumu, na sikusadiki, kwa kuwa nilidhani maradhi hayo huanza utotoni tu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiamka usiku wa manane nikikohoa, kifua kimebana na kinatoa sauti kama filimbi, kisha kukipambazuka napata nafuu na kusahau.

Nilipewa inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo, yenye dawa ya salbutamol, nayo ikanipa ahueni ndani ya dakika chache. Ahueni hiyo ndiyo iliyonipotosha. Kila nilipobanwa nilivuta, na nilipozidiwa nilivuta tena, nisijue kwamba dawa ile hulegeza tu misuli inayobana mirija ya hewa, ilhali kuta za mirija yenyewe zinaendelea kuvimba. Nilipomwambia daktari kwamba namaliza inhela moja kila mwezi, alinyamaza kwanza, ndipo akanieleza kuwa anayemaliza 3 au zaidi kwa mwaka huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na shambulio kali, na kwa anayefikisha 12, hata hatari ya kifo huongezeka.

Akaniandikia inhela yenye steroidi, dawa inayopunguza uvimbe huo wa mirija, ya kuvuta asubuhi na jioni, niwe nabanwa au nisiwe nabanwa. Kwangu, kuvuta dawa siku ambayo kifua kiko shwari kabisa ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na mara mbili niliiacha, mara zote mbili kikohozi cha usiku kikarudi. Aliniomba pia nimwonyeshe ninavyovuta, na ikaonekana kwamba nilikuwa nikibonyeza kabla ya kuanza kuvuta pumzi, hivyo dawa nyingi ilibaki mdomoni. Sasa natoa pumzi kwanza, nabonyeza huku nikivuta taratibu, nazuia pumzi kwa sekunde 10 hivi, kisha nasukutua na kutema maji ili nisipate utando mweupe mdomoni.

Kilichonisaidia zaidi ni kifaa kidogo cha kupima nguvu ya pumzi. Kiwango changu bora ni lita 480 kwa dakika, na mpango niliopewa kwa maandishi unanitaka nichukue hatua nikishuka chini ya 384, yaani asilimia 80. Baada ya mafua ya hivi karibuni nilipima nikapata 360, ingawa nilijiona mzima. Niliongeza dawa kama mpango ulivyoelekeza, nikampigia daktari simu siku hiyohiyo, na siku ya tano kipimo kikasoma 470.