Chumba cha futi 10 kwa 9: nilipofikia

Makindye, Kampala. Leo neti mpya imefungwa, naandika kabla sijasahau.

Chumba kina dirisha moja linalotazama mashariki. Bafu lililo ndani yake ni futi 4 kwa 6. Miaka mitatu niliamini dawa ya ufinyu wake ni kubomoa ukuta. Mwezi uliopita nilishika futi nikapima sakafu inayoonekana tu, bila kitanda, kabati, masanduku na ndoo. Kilibaki kipande cha futi 3 kwa 6. Basi kazi ikawa kuirudisha sakafu.

Seremala wa Ndeeba alikiongeza kitanda miguu, uvungu ukafika inchi 16 na masanduku yote yakaingia. Kabati nimeliuza. Nguo ziko kwenye rafu juu ya mlango, mahali ambapo hapakuwa na kitu tangu nyumba ijengwe.

Rangi: nilitaka ukuta mmoja wa bluu, fundi akakataa. "Mama, jicho likikuta rangi imekatika linasimama hapo hapo. Liache lizunguke." Tukapaka kuta na dari nyeupe ya maziwa, na sasa namshukuru. Fimbo ya pazia tumeipandisha karibu na dari na kuipitisha dirisha inchi 8 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani lisile mwanga. Kioo cha kujitazamia nilikiweka kwanza kikitazama bafu, nikawa naziona ndoo mara mbili. Nimekihamishia ukuta unaokabili dirisha. Saa moja na nusu asubuhi jua linafika hadi kona ya nyuma ya mlango.

Bafu ndilo lililonitesa. Nilisikia taili kubwa hupunguza mistari na kulegeza macho, nikaagiza za sentimita 60 kwa 60 hadi sakafuni. Ukutani hilo ni kweli. Sakafuni, taili kubwa haiwezi kuinamia shimo la maji kutoka pande nne, na maji yakatuama konani. Tuling'oa zote, iliniuma sana. Sasa chini kuna taili ndogo zenye uso wa kukwaruza, mteremko kama sentimita 2 kwa mita. Ukutani 30 kwa 60 zimelazwa, grauti ya kujazia mistari rangi ileile ya taili. Mlango uliokuwa ukigonga choo unateleza kwenye reli upande wa chumbani.

Sabuni na mafuta vimepata shubaka ndani ya ukuta. Hilo nimelitoa Lamu. Vyumba vya nyumba zao za kale ni vyembamba, mita 3 au pungufu, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Humo humo walijenga zidaka, yaani mashubaka madogo, ukutani wakapanga vyombo vya kaure. Ukuta wenyewe ukawa kabati, na kila nikinawa naufurahia ule uwazi wa kiganja kimoja.

Neti nayo. Ile ya duara ilining'inia katikati ya chumba mchana kutwa kama hema, na kulala bila neti hapa siwezi kumshauri mtu. Fundi wa vyuma wa Katwe amenitengenezea fremu ya mstatili, imefungwa darini juu ya kitanda. Asubuhi naikunja neti juu ya fremu, jioni naishusha.

Imebaki taa. Balbu moja katikati inatia giza pembeni. Jumamosi nazifunga mbili za ukutani.