Usiku Mama Alipogeukia Televisheni

Mama alikuwa mkunga hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na tamthilia za hospitali alikuwa hazitaki kabisa. Akitoka zamu akatukuta tunaangalia watu wa makoti meupe wakikimbiza machela, anasema tu: "Kwao wote wanaamkaka. Watupatie basi ile dawa." Hakuwa anaonea mtu. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa hesabu ya wagonjwa waliosimama moyo katika vipindi vya televisheni vya Marekani: robo tatu walirudi papo hapo, mbali sana na yale ya wodini.

Jioni moja kaka yangu alileta diski za *Urgences* kutoka soko la Kadutu, ile *ER* ya Chicago ikisemeshwa Kifaransa. Mama alikuwa anakula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ametupa mgongo. Mjamzito akafika kwa dokta Greene, akaambiwa ni maambukizi ya mkojo, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mama akageuka. "Na presha? Warudilie kumupima presha."

Mume akamrudisha mke hospitalini kwa gari, mke anatetemeka mwili mzima. "Magnesiamu," Mama akasema, ile dawa ya kifafa cha mimba, kabla hata dokta hajafungua mdomo. Bugali likapoa. Bega la mtoto lilipokwama wakati wa kuzaliwa, Mama alikuwa ameshaweka kiganja juu ya mto wa kiti, vidole vimenyooka, mkono wa pili juu yake, anasukuma kwa nguvu kuelekea chini, vile wakunga wanavyosukuma juu ya kinena ili bega lipite. Hakujua kwamba anasukuma. Mimi ndiye niliyekuwa nautazama ule mto ukibonyea.

Mtoto akapona. Mama yake akafa. Greene akaenda kumwambia baba, ambaye alikuwa amembeba mtoto, kisha akapanda treni akalia.

Nilidhani Mama atacheka, maana sisi tunatazama tamthilia hizi kwa ajili ya damu na mashine, tunabishana kama sindano imechomwa sawasawa. Mimi siku hizi naona hayo ni madogo. Vyombo vinaweza kuwa vya kweli vyote na bado ukadanganywa, kama mtu anafiwa na mgonjwa saa nne na saa tano anataniana na wenzake kama hakuna kitu.

"Yeye alipata treni," Mama akasema. "Mimi nilinawa mikono, nikaenda kwa kitanda kingine. Kulikuwa mwingine anasukuma."

Hapo ndipo alipotusimulia, kwa mara ya kwanza, juu ya mwanamke aliyeletwa kutoka kijijini amechelewa, presha juu, hana hata fahamu. Alitueleza kitenge alichovaa. Alitueleza vile mama mkwe alivyomuuliza kwenye korido kama aende kutafuta chai ya mzazi. Miaka yote tulikuwa tunamwona anaingia ndani kimya, anakaa na viatu bila kuvivua, na sisi tunasema Mama amechoka kusimama. Kaka alinyoosha mkono azime televisheni, Mama akamkataza.

Kesho yake alibeba ile diski ndani ya mfuko wake wa kazi, kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi waliokuwa wanajifunzia kazini kwake. Aliwaagiza waangalie ile presha vizuri, kisha wasikate kabla ya treni.