Matundu ya mkasi wangu

Jumapili nzima nimekaa chini na mkebe wa biskuti wa marehemu bibi. Harufu ya naftalini bado imo. Ndani mna barua za kaka yake, aliyekuwa fundi wa reli Mombasa, zote zikianza vilevile: "Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali nami."

Mchwa hawakuzigusa. Niliyeziharibu ni mimi.

Mwaka 1985 nilishikwa na wazimu wa kukusanya stempu. Wenzangu waliloweka bahasha hadi stempu ibanduke. Mimi nilikata kwa mkasi wa cherehani, barua ikiwa bado ndani. Karatasi iliyokunjwa mara mbili, mkato mmoja, matundu manne. Ukiikunjua, inakutazama kama ghorofa la Msajili wa Majumba lenye madirisha wazi. Muhuri wa posta nao, wenye tarehe, ulikwenda na stempu. Albamu yenyewe? Hata sijui ilipotelea wapi.

Kwa hiyo leo natafuta tarehe kwa kunusa maneno. Kuna anayolalamika kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika na watu wa reli hawajui hatima yao: hiyo naiweka 1977. Kuna anayosema mpaka umefunguliwa, sasa atapita Lungalunga aje Tanga kutuona. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifunguliwa tena Novemba 1983, basi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Ninaandika makadirio kwa penseli kwenye bahasha mpya, si kwenye barua. Kidogo nizipeleke zikapigwe plastiki dukani, nikakumbuka kwamba plastiki ile ikishagandishwa kwa joto haibanduki tena. Selotepu ya baba imeshanifunza: gundi imegeuka rangi ya chai na kufifisha maneno aliyotaka kuyaokoa.

Usiku nimempigia mama nikamsomea ile ya mpaka. Nilipofika kwenye tundu nikasita: "Mwambie... kitambaa chake cha gauni ninacho, nitakuja nacho."

"Mwambie nani?" akauliza.

"Pamekatwa, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Cha maua ya njano. Nilikishona mwenyewe, nikakivaa Idi."

Nimeandika jina lake kwenye karatasi ya pembeni, nikaikunja pamoja na barua. Kesho namuuliza habari za ile inayotaja baiskeli.