Nimelala fofofo, nani kashuhudia?

Saa tisa usiku na sijalala. Jana jioni nimegombana na dada kwenye simu, mambo ya hela ya dawa za mama, na tangu hapo kichwa kinarudia tu yale maneno, nikasema hivi akanijibu vile, ningemwambia hivi angenyamaza, yaani huu ugomvi nimeshaushinda kama mara kumi na usingizi bado hauji.

Nikamkumbuka Ramana Maharshi. Huyu alikuwa Mtamil, mwalimu wa kiroho wa kusini mwa India, na mwaka 1896, akiwa na miaka 16 kwa ndugu wa baba yake kule Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kufa wakati hata haumwi. Badala ya kuita watu akajilaza chini, akakaza viungo kama maiti, akabana pumzi, alafu akajiuliza, haya mwili umekufa wakauchome, je na mimi ndo nimekufa? Wiki kama sita baadaye akatoroka kwao akaenda Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala, na hakuondoka tena mpaka alipofariki 1950. Watu wakimwendea na fujo za kichwani alikuwa anawaambia wazo likija uliza limemjia nani, ukijibu "mimi", uliza huyo mimi nani.

Nikajaribu. Watu wa Vedanta, falsafa ya Kihindu, wanaigawa akili sehemu nne na usiku huu zote zilikuwa zamu: manasi inasitasita (nimpigie nisimpigie), budhi inakata shauri, chita ndo stoo, ikanitolea hadi neno aliloniambia 2016 nikidhani nimeshasahau, na ahankara ambayo kazi yake kubandika "mimi" na "yangu" kwenye kila kitu. Hiyo ya mwisho ndo mchawi wangu.

Kiswahili nacho kinachokoza, maana tunasema akili yangu, moyo wangu, kama tunavosema sufuria langu, sasa mwenyewe ni nani? Na ukiamka unasema nimelala fofofo sikujua kitu. Ulijuaje kama hukujua? Ndo hapo wanapokubana, kwamba yupo shahidi, wanamwita sakshi, ambaye hakulala. Mandukya, Upanishadi (andiko la kale la Kihindu) ya mistari 12 tu, inahesabu hali nne: kuwa macho, kuota, usingizi mzito, na ya nne isiyofanana na hizo tatu. Mi naona hoja ina tundu, labda asubuhi nakisia tu kwa vile sina kumbukumbu, ila usiku ule sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu mwingine tena.

Wana na mfano wa kamba gizani unayodhani nyoka. Sisi tunasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ila wetu kweli aliumwa, wa kwao nyoka hajawahi kuwepo. Nikafungua tena meseji ya mwisho ya dada, "sawa" tupu, ambayo jana niliisoma na sumu yote.

Kwa sekunde chache hasira ilikaa pembeni nikaiangalia, kweli kabisa. Alafu ahankara hiyoo: umeona ulivotulia, dada asingeweza! Nikacheka peke yangu. Na bado swali likanibana, kama shahidi hakasiriki na hakumtukana mtu, samahani anaidai nani?

Adhana ya alfajiri inaanza nikaandika samahani dada, nikafuta, nikaandika tena nikatuma.

Akajibu hapo hapo. "Kumbe na wewe hujalala."